Jin Jun Mei: jinsi ya kuinunua bila kulizwa na kuiandaa bila kuiharibu

Ukiingia duka la chai mjini Guangzhou ukaulizia Jin Jun Mei, usishangae muuzaji akikupangia makopo matatu mezani, la kwanza kwa bei ya chakula cha mchana na la tatu kwa bei ya simu nzuri. Yote yana jina lilelile, na hakuna aliyevunja sheria. Kampuni iliyoianzisha chai hii ilitaka jina liwe nembo yake peke yake. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Watu ya Beijing, na mwaka 2013 majaji wakaona kwamba Jin Jun Mei limekwisha kuwa jina la aina ya chai, kama mchele ulivyo mchele hata ukilimwa na nani. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: jina lililoandikwa kwenye kopo halikulindi. Itabidi ulindwe na macho yako, pua yako na birika la maji ya moto.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wa aina tatu. Wapo wanaokwenda Guangzhou kufuata nguo na vipuri na wangependa kurudi na kitu cha maana kwa wazazi. Wapo waliozawadiwa kopo na Mchina waliyefanya naye kazi, na sasa liko kabatini kwa sababu mara ya kwanza lilichemshwa na maziwa na halikuwa na ladha yoyote. Na wapo wanaoagiza mtandaoni.

Chai yenyewe ni ipi

Jin Jun Mei ilizaliwa mwaka 2005 katika kijiji cha Tongmu, ndani ya milima ya Wuyi, kaskazini-magharibi mwa mkoa wa Fujian. Tongmu hakikuanza chai jana. Ndiko ilikotoka Zhengshan Xiaozhong, chai inayokaushwa kwa moshi wa msonobari ambayo Wazungu waliizoea kwa jina la Lapsang Souchong, na ambayo wengi huihesabu kuwa chai nyeusi ya kwanza duniani, ya karne ya 17. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 chai hiyo ya moshi haikuwa na soko kubwa ndani ya China. Jiang Yuanxun, mtu wa ukoo uliotengeneza chai hapo kwa vizazi vingi, akashirikiana na mafundi wake, Liang Junde akiwemo, kujaribu jambo ambalo kijijini halikuwa desturi: kuchuma chipukizi tupu, bila jani hata moja, na kulifanya chai nyeusi bila kulipitisha kwenye moshi.

Kinachoipa bei ni mkono wa mchumaji. Gramu 500 za chai iliyokauka huhitaji machipukizi zaidi ya 50,000, yote yakichumwa moja moja. Kwa hesabu hiyo, gramu nne utakazotia kwenye kikombe ni machipukizi zaidi ya 400. Na chipukizi bichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kilo moja ya chai kavu hula kilo nne hadi tano za mabichi. Tongmu kuna baridi, na michai huchelewa kuchipua; uchumaji kwa kawaida huanza nusu ya pili ya Aprili na kuingia Mei, mara moja tu kwa mwaka. Ishike tarehe hiyo, utaihitaji dukani.

Michai ya huko haikupangwa kwa mistari kama ya Kericho au Mufindi. Imo katika vipande vidogo kati ya mianzi na msitu, kwenye eneo ambalo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 1999, chini ya mlima Huanggang unaopita mita 2,100. Mingi iliota kutokana na mbegu, si vipandikizi, na ndiyo maana kila kichaka kina tabia yake: hiki chipukizi lake lina vinyweleo vingi, kile vichache. Hili nalo litakufaa utakapoanza kukagua. Mtu asikudanganye kuwa atakupeleka shambani. Barabara ya kuingia Tongmu ina kizuizi cha hifadhi, na wageni wa kutoka nje ya China kwa kawaida hawapiti.

Kiwandani machipukizi hunyaushwa hadi yalegee, husokotwa kwa mkono mwepesi yasikatike, huachwa yachachuke mpaka yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Hatua ni zilezile za chai nyeusi yoyote. Tofauti na chai yetu iko kwenye kusokota. Karibu chai yote ya Kenya hupitishwa kwenye mashine za CTC, zinazoikata na kuichanachana hadi iwe punje ndogo, ili itoe rangi na ukali haraka na kustahimili maziwa, sukari na tangawizi. Kwa kazi hiyo sijaona chai inayoishinda. Chipukizi zima ni kitu kingine: linatoa ladha kidogo kidogo, duru baada ya duru, yaani kila unapolimiminia maji upya, na ukilichemsha kwenye sufuria unapata uchungu wa duru zote kwa mpigo mmoja.

Hatua ya 1: Amua unanunua daraja gani

Kabla ya kutoa hela, jua kuna milango mitatu.

Wa kwanza ni Tongmu yenyewe. Wauzaji huiita zhengshan, yaani ya mlima wenyewe. Ni kidogo, ni ghali, na hata Wachina wenyewe hulizwa. Bei ya kweli huhesabiwa kwa maelfu ya yuan kwa jin moja, yaani gramu 500.

Wa pili ni waishan, ya milima ya nje: machipukizi ya sehemu nyingine za Wuyi na Fujian, yaliyotengenezwa kwa mtindo uleule. Hapa ndipo ningemshauri mtu anayeanza aweke fedha yake. Fundi mzuri wa nje anatoa chai tamu kwa sehemu ndogo ya bei ya Tongmu, na aliye mwaminifu atakuambia bila kuona haya kwamba ni ya nje.

Wa tatu ni machipukizi ya Yunnan, yatokanayo na michai ya majani makubwa. Chai nyeusi ya huko, Dianhong, ina machipukizi manene yenye vinyweleo vya dhahabu tupu, na ina sifa zake: ni nzito, ina utamu wa asali na viazi vitamu. Ikiuzwa kwa jina lake ni bidhaa halali na nafuu, tena ni chai nzuri ya kujifunzia mkono kabla hujafungua kopo la gharama. Ikiuzwa kwa jina la Jin Jun Mei ya Tongmu, hapo umepigwa.

Utasikia pia Yin Jun Mei, iliyochumwa chipukizi na jani moja. Kwa anayependa chai yenye mwili zaidi, hiyo huenda ikamfaa kuliko hii ghali. Wengi hawathubutu kusema hivyo mbele ya aliyewanunulia zawadi.

Hatua ya 2: Dukani

Ukiwa Guangzhou, soko la kwenda ni Fangcun, wilaya ya Liwan, mojawapo ya masoko makubwa ya jumla ya chai nchini China. Kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilo kwenye mstari namba 1. Huko duka ni meza: unakaa, unamiminiwa, unakunywa, unauliza. Kuonja hakulipiwi na hakukufungi kununua. Usione aibu kuondoka baada ya vikombe sita ukiwa umeaga tu. Wenyewe wamezoea.

Jambo la kwanza ni kipimo. Bei ikitajwa bila maelezo, huwa ni kwa jin, ambayo ni gramu 500, si kilo. Liang moja ni gramu 50. Anayezidisha kwa kilo kichwani hujikuta ameona chai ni rahisi au ghali mara mbili ya ilivyo. Nunua liang moja kwanza, uende nayo hotelini, uionje kwa utulivu, ndipo urudi kesho yake kwa mzigo.

Kisha uliza maswali matatu, na usikilize zaidi namna ya kujibu kuliko jibu lenyewe. Imetoka kijiji gani? Imechumwa mwezi gani, mwaka gani? Ni zhengshan au waishan? Mtu akikuambia ni ya Tongmu, tena imechumwa kabla ya Qingming, sikukuu inayoangukia siku za mwanzo za Aprili, tabasamu na unywe chai yake, ila usilipe bei ya Tongmu. Umeshaona kuwa wakati huo machipukizi ya kule huwa bado yamelala.

Wauzaji huandaa kwa sekunde tano tu, na karibu kila chai hupendeza kwa sekunde tano. Omba akufanyie duru moja ndefu. Akikataa, umepata jibu.

Kwa anayeagiza mtandaoni meza hiyo haipo, basi nunua pakiti ndogo za gramu tano. Jin Jun Mei nyingi hufungwa hivyo, kila pakiti kwa andao moja, na pakiti tatu kutoka kwa wauzaji watatu zitakufundisha mengi kuliko kopo moja lenye utepe mwekundu. Sanduku la mbao na kitambaa cha hariri ndani yake unavilipia wewe, na havinyweki.

Hatua ya 3: Kagua ikiwa kavu

Mimina kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Taa ya duka ya manjano hufanya kila kitu kionekane dhahabu.

Machipukizi yawe madogo, membamba, yaliyopinda kidogo, na yenye urefu unaokaribiana. Yaliyovunjika yakizidi, mzigo ulibanwa au umechanganywa. Sasa tazama rangi. Wanunuzi wengi hudhani kadiri dhahabu inavyozidi ndivyo chai inavyokuwa bora. Kwa Tongmu mambo ni kinyume. Kwa kuwa vichaka vimetokana na mbegu na havifanani, machipukizi yake hutoka mchanganyiko: dhahabu, kahawia na nyeusi katika rundo moja, na nyeusi mara nyingi ndiyo nyingi. Rundo lililo dhahabu tupu kutoka mwanzo hadi mwisho linakuelekeza kwenye aina nyingine ya mchai, mara nyingi nje ya Wuyi kabisa.

Nusa. Harufu iwe ya asali, maua, na tunda kavu, na itulie puani. Harufu ya karameli inayokurukia kabla hujainama ni dalili ya sukari iliyotiwa wakati wa kukausha. Sugua machipukizi machache kati ya vidole vikavu. Yakikuachia unato, weka chini. Harufu ya moshi mzito nayo si yake, hiyo ni ya ndugu yake mkubwa wa msonobari. Na harufu ya kuungua maana yake moto ulitumika kuficha kasoro.

Kwa mwenye shaka ya rangi ya kutia, dondosha machipukizi kadhaa kwenye glasi ya maji baridi. Chai halisi huachia rangi polepole. Maji yakibadilika papo hapo, iliyotoka si rangi ya chai.

Hatua ya 4: Jaribio la dakika tano

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji utaalamu. Pima gramu tatu, tia kwenye kikombe chenye mfuniko, mimina mililita 150 za maji yanayochemka, funika, na uache dakika tano kamili. Waonjaji wa chai hutumia njia ya namna hii kazini kwa sababu haina huruma: kasoro yote hupanda juu.

Chuja, subiri ipoe kiasi cha kunyweka, kisha onja kwa kuvuta kwa sauti. Chai nzuri itakuwa kali, ndiyo, lakini ukali wake utaondoka ulimini na kuacha utamu kooni. Ikiwa ina uchachu unaobaki, ilichachushwa vibaya. Ikikausha ulimi na kubaki hivyo, machipukizi yalichumwa yakiwa yamezidi umri au yalichanganywa na majani. Ikiwa tamu midomoni kwa namna ya soda, rudi kwenye suala la sukari.

Halafu fungua yaliyobaki chini ya kikombe. Yatandaze kwenye sahani nyeupe. Machipukizi yawe mazima, laini, ya rangi ya shaba inayolingana, kila moja likiishia kwenye ncha. Ukikuta vipande vya majani yaliyofunguka, si chipukizi tupu, hata kopo liseme nini.

Usiitupe chai iliyopoa kabla ya kuitazama. Chai nyeusi yenye nguvu ikipoa huingia ukungu. Ni viambato vyake vinavyoshikana na kafeini maji yanapopungua joto, na huyeyuka tena ukiipasha. Watu wamerudisha chai nzuri dukani kwa sababu hiyo.

Hatua ya 5: Isafirishe na kuihifadhi

Chai kavu hunyonya harufu na unyevu. Ndani ya sanduku la safari usiilaze pamoja na sabuni, manukato au pilipili. Ipe mfuko wa foili uliobanwa, ndani ya kopo.

Nyumbani, adui hutegemea unapoishi. Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam adui ni hewa ya bahari. Kopo lililofunguliwa mara kwa mara mwezi wa Aprili hulainisha machipukizi. Gawanya mzigo kwenye mifuko midogo ya gramu 20 au 25, fungua mmoja mmoja, mingine isiguswe. Usiiweke kabati moja na iliki na karafuu, la sivyo utakunywa chai ya viungo usiyoitaka. Jokofu si lazima kwa chai nyeusi. Ukilitumia, uache mfuko upate joto la chumba kwanza ndipo uufungue. Ukiufungua ukiwa baridi, mvuke utatua juu ya machipukizi.

Chai iliyotoka kukaushwa huwa na ukali wa moto. Ile ya Mei huanza kutulia baada ya mwezi au miwili. Baada ya hapo, inywe ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Haiozi, lakini maua yaliyomo hunyamaza, na hayo ndiyo uliyoyalipia.

Hatua ya 6: Maji

Nusu ya malalamiko kuhusu chai hii ni malalamiko kuhusu maji. Maji ya kisima ya pwani, yenye chumvi, huifanya iwe bapa na kuacha utando juu ya kikombe. Maji yenye klorini kali huua harufu. Tumia maji ya chupa yenye madini machache. Soma lebo, chupa ya maji laini inatosha. Ukitumia ya bomba, yachuje au yaache wazi usiku kucha kabla ya kuchemsha. Yachemshe mara moja tu.

Joto linalofaa ni nyuzi 85 hadi 95, na mimi hulenga 90. Hapa jiografia inaingia. Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, lakini Nairobi, iliyo mita 1,700 na zaidi, huchemka kwa 94 hivi, na Kigali na Bukavu kwa 95 au karibu yake. Aliye nyanda za juu anaweza kuyaacha yachemke, akangoja nusu dakika, akamimina. Aliye pwani ayahamishie kwanza kwenye jagi baridi la udongo au kioo. Kule kuhama peke yake hupunguza nyuzi kadhaa. Akingoja dakika moja zaidi, yapo tayari. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi wote.

Hatua ya 7: Iandae kwa duru fupi

Chombo chake ni gaiwani, kikombe cha kauri kisicho na mkono, chenye kisahani chini na mfuniko juu. Kauri nyeupe haimezi harufu na inakuonyesha rangi. Chukua ya mililita 100 hadi 110. Utahitaji pia jagi dogo, chujio laini, na vikombe vidogo. Mizani ndogo ya dijitali ni muhimu kuliko vyote hivyo, kwa sababu machipukizi ni mepesi na kijiko hudanganya.

Osha gaiwani kwa maji ya moto, mwaga. Tia gramu nne. Tatu kama ndiyo mara yako ya kwanza. Funika, itikise kidogo, kisha funua unuse: joto la chombo huamsha harufu, na mara nyingi hiyo ndiyo harufu bora ya mchana mzima.

Wapo wanaoosha chai kwa duru ya kwanza na kuimwaga. Kwa chipukizi changa sioni haja. Kwenye duru hiyo utaona vumbi la dhahabu likielea. Si uchafu, ni vinyweleo vya machipukizi yenyewe, na vina ladha.

Mimina maji taratibu kwenye ukuta wa gaiwani, yazunguke, yasiangukie machipukizi moja kwa moja. Funika. Hesabu sekunde kumi kwa duru ya kwanza. Sogeza mfuniko kidogo upate upenyo mwembamba, shika ukingo kwa kidole gumba na cha kati, kidole cha shahada kikiwa juu ya mfuniko, na mimina yote kwenye jagi kupitia chujio. Yote, hadi tone la mwisho. Maji yanayobaki ndani huendelea kukamua, na duru ya pili itakuwa chungu kwa kosa la duru ya kwanza. Utaungua vidole mwanzoni. Usijaze gaiwani hadi ukingoni, na utaungua kidogo tu.

Duru ya pili sekunde nane, kwani machipukizi yameshafunguka. Ya tatu kumi, ya nne kumi na tano, ya tano ishirini, ya sita nusu dakika. Kuanzia hapo fuata ulimi wako: dakika moja, mbili. Chai nzuri huvuka duru nane. Rangi iwe ya dhahabu angavu, yenye mviringo wa manjano pembezoni mwa kikombe. Nyekundu iliyoiva sana kwenye duru fupi inaashiria maji moto mno, chai nyingi mno, au chai nyingine.

Duru ya pili na ya tatu ndizo zilizobeba maua na asali. Kuanzia ya nne utamu hushuka kooni na harufu hupungua. Usiwape wageni duru ya saba kabla hawajaonja ya pili, kama wanavyofanya wanaotaka kuonekana hawana papara.

Hesabu ya mfuko sasa. Gramu nne kwa duru nane ni mililita 800 za chai. Gramu 50 ni maandao kumi na mbili, kila moja la kutosha watu wawili au watatu. Gawanya bei uliyotajiwa kwa kumi na mbili, ndipo useme ni ghali au la.

Kama huna gaiwani

Buli la kauri linatosha. Gramu mbili na nusu kwa mililita 250, nyuzi 90, dakika mbili, kisha mimina yote na urudie kwa dakika tatu. Unapoteza mpangilio wa duru, lakini ladha inabaki. Chupa ya chai ndiyo sikubaliani nayo: machipukizi yakilala ndani ya thermosi kwa saa nzima, kinachotoka kinafaa kunywewa na aliye safarini tu. Ukitaka kuibeba, iandae kwanza, ichuje, ndipo uitie kwenye chupa tupu.

Maziwa, hapana. Sukari nayo ijaribu bila kwanza. Kama umekulia kwenye chai ya rangi, au strungi kama waitavyo Kenya, hutapata tabu. Kando yake weka korosho zisizo na chumvi au tende moja. Haluwa inaendana na kahawa chungu. Hapa itafunika kila kitu.

Ikienda kombo

Chungu: punguza sekunde kabla ya kupunguza joto, na hakikisha huachi tone ndani. Nyepesi ya maji maji: ongeza gramu moja, usiongeze muda. Bapa, haina harufu: badilisha maji kabla ya kulaumu muuzaji. Ina uchachu hata kwa sekunde tano: hapo laumu muuzaji.

Tahadhari mbili za mwili. Chipukizi changa lina kafeini nyingi kuliko jani lililokomaa, kwa hiyo anayekosa usingizi aimalize kabla ya alasiri. Na chai yoyote hupunguza mwili unavyofyonza madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Mjamzito au mwenye upungufu wa damu angoje saa moja hivi baada ya mlo, na amsikilize daktari wake.

Duru zikiisha, usiyatupe machipukizi mara moja. Yatie kwenye chupa safi yenye mililita 300 za maji baridi ya kunywa, weka kwenye jokofu usiku kucha, chuja asubuhi. Yale maji baridi hayavuti uchungu, yanavuta utamu uliosalia, na mwezi wa Januari huko Dar au Mombasa huenda ukayapenda kuliko duru ya kwanza. Yakishatoka hapo, yapeleke kwenye chungu cha mrehani.